Mke Wangu na Kipima Kina

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, kabla hajaugua, mke wangu alikuwa kalala kifudifudi nyuma ya boti, bisibisi mdomoni, akifunga kile kifaa cha kupima kina cha maji. Alikifunga ubavuni mwa rafadha, lile panga la injini linalozunguka majini, kwa kuwa hapo palikuwa na matundu ya zamani. Nilimwambia mapovu yatakipumbaza. Akasema, "Boti hii si chujio, mzee. Sitoboi tena."

Tulipoondoka, usukani ulikuwa wangu, kioo cha kifaa kilikuwa chake. Mimi mita hazinikai kichwani, kwa hiyo kina alinitajia kwa urefu wa watu. "Hapa wifi kidevuni." "Hapa mjomba wako magotini, punguza!" Waliozama wote walikuwa wa upande wangu. Kila akisoma alifuta kioo kwa pindo la gauni, hata kikiwa kikavu, na mashine ikilia aliijibu, "Nimesikia, mwanangu, usinipigie kelele."

Tukafika penye mawe yaliyokwisha kula rafadha zetu mbili. Hii ilikuwa ya tatu, na ya akiba hatukuwa nayo. Nikatoa gia, nikauliza kina. Akafuta kioo, akakigonga kwa kidole.

"Hapa ukoo mzima unazama," alisema, lakini kwa sauti ndogo, isiyo yake. Akavua ndala, akazipanga vizuri, akajitumbukiza. Maji yakamfika kiunoni.

"Zima injini, mume wangu. Mashine inasema mita thelathini, na mimi nimesimama."