Jirani Yangu wa Wodini Alikuwa Ndani ya Meli

Sina sababu ya kukudanganya. Kisa hiki hakinipi sifa yoyote, na ukifika mwisho huenda ukanichukia. Sasa fikiria mwenyewe, mtu atunge uongo wa kujichafua ili apate nini? Haya yalinikuta kweli. Tena hayakunikuta usiku kama watu wanavyopenda kusimulia. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, ndani ya meli iliyojaa watu, kuku na magunia ya mchele.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Nauza vitenge Tunduma, karibu kabisa na mpaka, pale ambapo wateja wa upande wa Zambia wananisalimia "mulishani, bamayo" nami nawajibu kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Mwaka ule wa pili wa Korona watu wengi kwetu walikuwa hawapendi kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Ukiuliza fulani kafa na nini, unaambiwa "changamoto ya kupumua," basi, mazungumzo yamekwisha. Malori yamepanga foleni, madereva wanakohoa, na sisi tunawauzia chai.

Nilipougua nilijifukiza siku nne, majani ya mkaratusi na malimao, blanketi kichwani. Siku ya tano nikashindwa kumaliza sentensi. Mdogo wangu wa kiume, nitamwita Ezekia, alinibeba mgongoni kama mtoto akanipeleka hospitali. Hospitali gani, sitasema. Haikuwa kosa lao.

Niliwekwa kwenye chumba cha vitanda viwili. Kitanda cha pili kilikuwa na mwanamke aitwaye Kolumba, mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Alikuwa amekuja Tunduma kuuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwa lile, ugonjwa ukamkuta gesti. Mjini hakuwa na ndugu hata mmoja. Siku ya kwanza tuliongea kidogo kidogo, neno moja, pumzi tatu, neno jingine. Aliniambia ana binti wa miaka minane, Veronika, ambaye hapati usingizi bila kushika pindo la kanga yake. "Sijui sasa anashika ya nani," akasema. Na usiku wa siku hiyohiyo nilipozidiwa, yeye ndiye aliyemwita nesi. Kwa pumzi ile aliyokuwa nayo, aliita mpaka wakaja. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Siku ya tatu, mchana, mtungi wangu wa oksijeni uliisha. Gari lililokwenda kuleta mitungi mingine lilikuwa halijarudi. Ezekia alikuwa dirishani, akaona midomo yangu inavyobadilika rangi, akaingia ndani kwa nguvu. Alipiga magoti mbele ya mhudumu.

"Dada yangu anakufa na nyinyi mnatazama! Fanyeni kitu! Naomba, naomba, fanyeni kitu!"

Mhudumu alikuwa peke yake wodi nzima, macho mekundu, hajalala sijui tangu lini. Alinitazama mimi. Akamtazama Kolumba. Mimi nilikuwa na mtu wa kunililia, Kolumba hakuwa na mtu. Akaenda akavua kile kifuniko cha gesi usoni mwa Kolumba, akasema kwa sauti ya chini, "Dakika chache tu mama, gari linakuja," akaniletea mimi.

Nilikuwa macho. Niamini, akili zangu zote zilikuwa timamu. Kolumba aligeuza kichwa akaniangalia. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu, au kuinua mkono, mhudumu angeona. Unajua nilifanya nini? Nilifumba macho. Nikajifanya nimelala. Gesi ikaingia kifuani kama maji ya baridi, na mimi nikaivuta, huku namsikia jirani yangu akihangaika, mpaka nikawa simsikii tena.

Gari lilirudi jioni.

Niliruhusiwa baada ya siku tisa. Mwili ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikipanda ngazi tatu naketi. Pua ilikufa kabisa, ungeweza kuchoma pilipili mbele yangu nisijue. Dukani nilikuwa nakunja vitenge na kuvikunjua, siwezi kuhesabu hata pande sita. Ezekia hakuligusia lile jambo, nami sikuligusia, na mpaka leo hatujaligusia. Ila aliona ninavyozidi kukauka, ndipo siku moja akaja na wazo lake.

"Dada, nenda kwa Neema ukapumzike." Neema ni binti yangu, anafundisha shule Mbamba Bay. "Usiende kwa barabara, vumbi litakumaliza. Panda meli pale Kyela. Unakaa sitahani, unapunga upepo wa ziwa, unatazama milima. Kama watalii!"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Sijawahi kupanda meli maisha yangu yote. Nilinunua hata kofia pana ya jua. Ezekia alinisindikiza, tukapita Mpemba na Isongole, tukashuka Kyela, akaniacha bandarini, na kabla ya mchana nilikuwa nimeketi kwenye benchi la sitahani, mfuko wangu miguuni, barakoa usoni. Pembeni yangu aliketi mzee mmoja aliyekuwa na godoro la kupeleka nyumbani kwake. Kulia kwangu palibaki nafasi ya mtu mmoja.

Meli ilipong'oa nanga niliona kama nimesamehewa. Milima ya Livingstone ilisimama kushoto, kijani kibichi, maji yametulia. Nikavuta pumzi ndefu mpaka chini, ya kwanza tangu niugue. Mzee akacheka, akasema, "Mama, hewa ya huku haiishi, vuta taratibu." Nikacheka naye.

Saa tisa hivi nikasinzia. Kilichoniamsha ni harufu. Pua yangu, iliyokufa mwezi mzima, ilinasa harufu ya usipa waliokaushwa juani, kali, karibu kabisa. Nikageuka kulia. Ile nafasi ilikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke, amejifunga kanga kichwani, mikono imelala mapajani. Hakuwa na barakoa. Alikuwa anatazama majini.

"Dada, umepona?" akaniuliza.

"Nimepona, namshukuru Mungu," nikajibu, maana ndivyo unavyojibu. Kisha nikamtazama vizuri.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Hata mimi nimejiuliza. Lakini alikuwa mtu kabisa! Kovu dogo alilokuwa nalo kwenye nyusi lilikuwepo. Plasta ya dripu ilikuwepo juu ya kiganja, pembeni imeanza kubanduka. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Nilikitazama muda mrefu nikisubiri kiinuke, na hakikuinuka.

"Kolumba," nikasema.

"Ndiyo, dada. Nakwenda nyumbani. Hakuna aliyekuja kunichukua." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alisema kama abiria anayemweleza mwenzake safari. "Nina swali moja tu, kisha nitakuacha upumzike. Nyumbani wataniuliza, nisije nikawaambia kitu ambacho sikijui. Mchana ule waliponivua gesi wakakupa wewe, ulikuwa macho?"

Sasa nisikilize. Alikuwa hajaja kunikaba. Hakuja kunidai roho yangu. Alikuwa ananiuliza tu, na macho yake yalikuwa yaleyale ya kitandani. Ningeweza kusema kweli. Angenifanya nini, amekwisha kufa! Lakini ulimi wangu ulitangulia.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Alinisogelea kidogo.

"Nilikuwa nimelala, Kolumba. Nilikuwa nimelala."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya, dada. Basi sina kinyongo na wewe. Nitawaambia hivyo."

Meli ikapiga honi. Tulikuwa tumefika kwenye kijiji kimoja kisicho na gati, ambako meli husimama mbali na mitumbwi huja kuchukua abiria. Kolumba akainuka, akarekebisha kanga yake, akaelekea kwenye ngazi pamoja na wanaoshuka. Nilikimbilia kwenye vyuma vya pembeni. Nilihesabu walioshuka, wanaume wanne, msichana na mtoto mgongoni, mwanamke mmoja mnene. Kolumba hakuonekana. Lakini kule ufukweni alisimama mtoto wa kike mdogo, peke yake, mbali na wenzake, anapunga mkono. Hakuupungia mtumbwi. Alikuwa anatazama mahali patupu kwenye maji, na jinsi alivyogeuza kichwa chake taratibu, kilikuwa kinafuata kitu kinachosogea kuja nchi kavu.

Niliporudi kwenye benchi mzee alinitazama kwa mashaka.

"Mama, u mzima? Umesema mara tatu kwamba ulikuwa umelala. Mimi sijakuuliza kitu. Na muda wote huo nakuona uko macho."

Nilimuuliza jina la kijiji kile, akaniambia. Sitakiandika hapa, na nisijifanye nawalinda watu wake. Najilinda mimi.

Mbamba Bay nilikaa wiki mbili. Nilimsimulia Neema yale ya melini peke yake, yale ya wodini nikayaacha. Akanishika paji la uso. "Mama, ugonjwa huu unachezea watu akili hata wakishapona. Pumzika." Lakini nitapumzikaje? Nikila namwona, nikiketi namwona. Nikaamua nirudi na meli, nishuke kijijini, niseme kweli mbele ya watu wake, wanifanye watakavyo. Niliapa, nikiwa nimepiga magoti kwenye saruji ya nyumba ya mwanangu.

Nilishuka kwa mtumbwi. Niliuliza nyumbani kwa Kolumba aliyefia Tunduma, nikaelekezwa nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya kanisa. Mama yake mzazi alikuwa ukumbini anachambua mchele. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikasema natoka Tunduma, nililazwa pamoja na mwanaye.

Aliinuka haraka, ungo ukaanguka, mchele ukamwagika chini.

"Ni wewe uliyekuwa umelala!"

Nilirudi nyuma hatua moja.

Alinikumbatia. Akanieleza huku analia kwamba mwili haukuletwa, alizikwa hukohuko na watu waliovaa mavazi meupe, na wao walipigiwa simu tu. Mtoto Veronika aligoma kula. Hadi siku ile meli iliposimama, alitoka ufukweni akiwa anacheka, akasema mama amekuja, amemshikisha pindo la kanga, amemwambia asimchukie mtu yeyote, kwamba kulikuwa na dada kitanda cha jirani, wakampa yeye gesi, lakini hakujua, alikuwa amelala. "Tulidhani ni njaa inamsemesha," bibi akasema. "Sasa umekuja mwenyewe. Mwanangu, ni kweli? Ulikuwa umelala?"

Mlangoni alikuwa amesimama Veronika, ananitazama. Mwembamba, kovu hana, lakini macho ni yale.

Nilikuwa nimeapa, unakumbuka? Nimesafiri kwa ajili ya neno moja tu. Nikamtazama yule mtoto, nikaona neno hilo litakavyomrudisha kule alikokuwa, asile, asicheke. Au labda hiyo ni sababu niliyoitafuta baadaye. Labda niliogopa tu, kama nilivyoogopa wodini.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Wakanichinjia kuku. Nilikula kwao, nikalala kwao. Veronika alilala ubavuni mwangu, na usingizini mkono wake ulitafuta, ukapata kitenge changu, ukakishika. Sikufumba jicho mpaka asubuhi.

Miaka imepita. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu. "Shikamoo mama mdogo, kifua kinaendeleaje? Nimekuombea." Anasoma sekondari sasa. Bibi yake aliniomba niwe naliangalia kaburi, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu. Naliangalia. Kila mwezi nakwenda na jembe, nang'oa majani, kisha nikihakikisha niko peke yangu nasema kwa sauti, "Kolumba, nilikuwa macho. Nilikuona. Nilifumba macho makusudi." Nimesema hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Nimepanda tena meli ile mara mbili, nimeketi benchi lilelile, nimeacha nafasi kulia kwangu na kumkatalia kila aliyetaka kukaa. Hakuna aliyekuja. Aliuliza, akajibiwa, akaenda zake na jibu nililompa. Alinisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya halijui.

Mchungaji anasema Mungu anajua. Najua kwamba anajua. Lakini si Mungu aliyekuwa kitanda cha pili.

Nawe unayenisoma, sikuombi unionee huruma. Nakuonya tu. Siku moja mtu uliyemzika, au uliyemwacha azikwe, anaweza kuja akaketi karibu yako mchana kweupe, kwenye kivuko, sokoni, kanisani, popote. Usihangaike kuuliza yeye ni nini na ametokaje. Usikimbie. Sikiliza anachokuuliza, ushike roho yako, umjibu kweli hata kama itakuua. Akishaondoka na uongo wako harudi kuuliza tena.