Mfuko Unaobebeka

Haklan Benlis hakuwahi kubeba tangi la hewa mgongoni. Enzi zake watu wake wa pwani, Wamiskito, walizama kwa pumzi waliyozaliwa nayo, wakachukua kambakoche wa kuwatosha, na kila mtu akarudi kwao kwa miguu yake. Sasa kambakoche wa karibu wamekwisha. Vijana wanashuka kwenye giza, tangi baada ya tangi, na vijiji vimejaa wanaume wanaotambaa, miguu imekufa ganzi.

Asubuhi ile mashua ilimleta mwanawe, Rendel, aliyeibuka upesi mno kutoka kilindini, miguu ikiwaka kama iliyopakwa pilipili.

Ilda, mke wa Rendel, alitaka apelekwe zahanati moja kwa moja. Huko kulikuwa na mfuko wa turubai nene, mrefu kama jeneza, ambamo mzamiaji hulazwa, ukashindiliwa hewa mpaka mwili udhani umerudi kilindini, kisha hewa ikapunguzwa polepole.

"Kwanza Liwa amwachie," alisema Haklan. Liwa, mwanamke wa majini, humshika anayechukua kupita kiasi. Akachemsha majani, akamwogesha mwanawe, akamfukiza.

"Huyo Liwa wako ana zahanati, baba mkwe?" Ilda aliuliza. Jua likapinda.

Walipovuka wangwa, walimkuta muuguzi wa zahanati na chumba kitupu.

"Mchana mngeukuta. Wameupakia kwenye mtumbwi, kuna mzamiaji kazidiwa kule mlangoni mwa bahari."

Ndiyo sifa yake mfuko ule, kwamba unabebeka. Kinachobebeka hubebwa.

Wakaufuata. Waliukuta barazani mwa kanisa, umevimba, mashine ikinguruma. Nyuma ya kidirisha chake kulikuwa na uso wa mwanamume mwenye ndevu.

"Mtoe kidogo, mwanangu," Haklan alimwomba mhudumu.

"Nikiufungua sasa namuua, mzee. Bado saa nyingi."

Mwenye ndevu alimwona Rendel mkekani. Akagonga kidirisha, akajinyooshea kidole, kisha akamnyooshea Rendel: nitoke mimi, aingie huyo. Wote wakatazama pembeni.

"Mwambieni atulie," alisema Rendel. "Kusubiri nimezoea, nimeoa."

Haklan alizisugua nyayo za mwanawe, akazisugua tena.

"Pumzika, baba. Maumivu yamekwisha."

Ilda akamshukuru Mungu. Haklan alikishika kidole gumba cha mguu wa mwanawe, akakifinya kwa ukucha mpaka damu ikatoka. Rendel aliendelea kumtazama yule wa dirishani, akitabasamu.