Zimwi la Chanika na Nyuso Nyingine Nilizozipaka

Siku ya kwanza kazini, kule Kunduchi, nilimwamkia mkuu wa mapambo ya waigizaji, Bi Salma. "Marahaba, mwanangu," akaitikia huku akinipa sifongo. "Leo utampaka zimwi." Mie nilikuwa nimezoea kupamba maharusi Temeke, zimwi nililisikia tu kwenye hadithi za bibi.

Tamthilia zetu zilichotwa humo humo kwenye hadithi, zikanogeshwa kwa ajili ya televisheni. Bi Salma alinifundisha kumimina lateksi, yaani utomvu wa mpira, kwenye kalibu ili tupate pembe na makunyanzi. Akanifundisha na mwendelezo: kovu la jana lisihamie shavu la pili leo. Enyi vijana mnaoanza kazi hii, mwendelezo ndio heshima yenu.

Alipostaafu, nikaachiwa nafasi yake. Tukaenda Chanika kupiga picha. Zimwi letu alikuwa Neema, binti mpole, mwenye aibu. Alipochomoza kwenye mahindi, mtoto mmoja wa jirani akamwona, akapiga ukelele, akazimia. Kufumba na kufumbua watu wamejaa, wengine na mawe mkononi.

"Mmetuletea jini!" mama wa mtoto akalia.

Mwongozaji akaninong'oneza, "Pakia vitu, tuondoke."

Tutapita wapi? Njia ilikuwa imezibwa. Nikaweka beseni la maji ya uvuguvugu chini, nikamwambia yule mama, "Dada, njoo umbandue mwenyewe. Nipo nawe."

Alisita. Kisha akavuta pembe, ikabanduka. Akaendelea polepole mpaka shavu la Neema likaonekana, limelowa machozi.

"Jamani! Kumbe mtoto wa watu!" Akamfuta kwa kanga yake. Mawe yakadondoka moja moja. Mwanawe, aliyekwisha kuzinduka, akataka kuivaa ile pembe. Jioni tulikula kwao.

Nilifanya kazi hiyo hadi vidole vikashikwa na baridi yabisi. Namshukuru Mungu, na namshukuru mama yule wa Chanika. Siku yangu ya mwisho kazini, Neema, ambaye sasa ni mwongozaji, aliniketisha mbele ya kioo.

"Mama, leo wewe ndiye malkia wa majini."

Akaanza kunipaka mwenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kujua mikono ya mwenzio usoni inavyotuliza. Usingizi ukanipitia. Nasikia Neema aliwanyamazisha wote, wakaningoja mpaka nilipoamka.