Jogoo Niliyemletea Mama

Leo mama yangu amedanganya mtu mbele yangu, na ni kwa sababu yangu.

Jumamosi iliyopita nilimnunulia jogoo mwekundu sokoni Zombe, nikampelekea nyumbani Matinyani. Alifurahi mpaka akamwombea huyo jogoo!

Jumatano jogoo akaanza kukohoa. Mama akaniambia kwa simu ni vumbi tu.

Leo nimefika nikakuta jogoo amekufa, na karibu kuku wote wa mama pia. Wale amefuga tangu baba atuache.

Alibaki tetea mmoja, shingo imepinda, anazunguka kama amelewa.

Daktari wa mifugo akamwangalia, akasema, "Hii ni kideri, inaambukizana. Haina dawa, ni chanjo tu. Mama, kuna kuku mgeni aliingia hapa juzi?"

Jamani! Mtu mzima mimi, nikaangalia chini.

Mama, shemasi wa kanisa, ambaye hata chumvi ya jirani lazima arudishe, akajibu, "Hapana, daktari. Labda ni upepo."

Daktari alipoenda nikaanza kulia. "Mwaitu, mama yangu, ni mimi nimewaua."

Akanishika mkono. "Wewe uliniletea zawadi. Mimi nimeona hiyo tu."

Tukachimba shimo pamoja. Tetea akafa kabla hatujamaliza.

Nikiwa njiani nimempigia daktari, nikamwambia ukweli, ndio majirani wachanje kuku zao mapema.

Jumapili mama ananingoja tena.

Niambieni, watu wangu, naenda na nini mkononi?