Wifi Aliyegoma Kuongeza Moja

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mbishi. Nasema hivyo kwa upendo, na nimebeba ndoo za kutosha kwa ajili yake kuwa na haki ya kusema.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta katika idara ya maji. Programu hizo ndizo zinazowasha pampu na kufungua maji kwa zamu, mtaa kwa mtaa, na zote ziliandikwa kwa lugha moja ya zamani. Mashine pekee iliyoielewa lugha hiyo ilishachoka: inazima ikijisikia, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Kompyuta mpya zilikuja na mtambo wa lugha nyingine kabisa. Mkuu wake wa kazi akataka programu za zamani zitupwe, zinunuliwe nyingine. Wifi akakataa katakata. Ndani ya programu zile, alisema, kuna kila funzo lililopatikana kwa bomba kupasuka. Yeye angeijenga lugha ya zamani juu ya mtambo mpya, kila amri igeuzwe kazi ambayo mtambo unaijua, na programu zenyewe zisiguswe. Mkuu akakubali shingo upande: ijaribiwe, lakini mtaa wowote ukibaki bila maji hadi Ijumaa, wananunua.

Jumatatu ikawashwa. Mji mzima ukapata maji isipokuwa sisi wa mlimani.

Sasa hapo nicheke au nilie? Mlimani ndiko ninakoishi na mama, yaani mama mkwe wake. Bomba lilikohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Mama, ambaye hajawahi kuelewa mkwewe analipwa kwa kazi gani, aliniuliza kama hayo ndiyo matunda ya kushinda mbele ya kioo cha kompyuta. Nikachukua ndoo nikashuka bondeni, na njiani nilimsema wifi maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jumatano mchana nilimpelekea chakula ofisini, nikiwa bado na hasira. Hakujitetea. Alikuwa ameshalipata kosa, akanieleza huku chakula kinapoa. Mlima uko juu kuliko tangi, kwa hiyo programu inauhesabu chini ya sifuri, na namba ikishuka zaidi ndivyo pampu inavyosukuma kwa nguvu zaidi. Ukigawanya hasi saba kwa mbili ukataka namba nzima tu, lugha ya zamani inashuka mpaka hasi nne. Mtambo mpya unaishia hasi tatu. Yeye alikuwa ameazima ugawanyaji wa mtambo kama ulivyo, akidhani kugawanya ni kugawanya. Basi pampu yetu ikasukuma pungufu kidogo, maji yakapanda nusu ya mlima yakaishia hapo.

Mkuu akaingia, akasema dawa yake ni rahisi: pampu ya mlimani aiongezee moja, watu wapate maji leo. Kusema kweli nilikuwa upande wake. Hata mgongo wangu ulikuwa upande wake.

“Siongezi,” wifi akasema. “Siku hesabu ikigawanyika sawasawa, hiyo moja itawapasulia bomba. Kosa liko kwenye lugha niliyoijenga, na nitalitoa humo humo.”

“Na Ijumaa?”

“Ijumaa ni keshokutwa.”

Akang'oa ule ugawanyaji wa kuazima kila ulipokuwa, akauandika wake. Alhamisi akazipa programu zote namba za chini ya sifuri, akalinganisha majibu na ya mashine ya zamani, ambayo ilikubali kuwaka kwa kubembelezwa. Hakula, hakupokea simu, hata ya mumewe.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni na ndoo mkononi bomba lilipokohoa. Nikangoja hewa. Yakaja maji, kwanza ya udongo, kisha safi. Mama akaninyang'anya simu, akampigia mkwewe. Akaishikilia simu juu ya ndoo mpaka ndoo ikajaa. Tukamsikia wifi anapenga kamasi.

“Mwanangu,” mama akamwambia, “sasa nimeijua kazi yako. Nenda kalale.”