Jogoo Kwenye Foleni ya Josho

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani Gendabi, jogoo wangu hakuja kunipokea. Nilimkuta nyuma ya banda la kuni amejikunyata, shingo tupu kama ya tai, mkiani kumebaki unyoya mmoja uliopinda. Miguu ndiyo iliyonitisha zaidi. Magamba yalikuwa yameinuka, manene, meupe-meupe, kama mtu aliyekanyaga uji ukamkaukia. Alitembea kwa kuchagua pa kukanyaga.

Jogoo huyo nilipewa shuleni akiwa kifaranga, tulipogawana vifaranga vya mradi wa kujitegemea, kwa sababu mimi ndiye niliyekubali zamu ya banda hata siku za mitihani. Nilikubali kwa kuwa kuku hawamsimamishi mtu mbele ya darasa na kumuuliza maswali. Mwalimu wetu wa kilimo alishaandika kwenye ripoti yangu kwamba kazi naijua ila sisemi, na baba akaisoma kwa sauti wakati wa chakula.

Mama aliniambia jogoo ameacha kuwika tangu mwezi uliopita, na jambo lake limeshaamuliwa. Aliyeamua ni balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mfugaji ambaye boma lake limepakana na shamba letu. Sisi ni wageni huku. Baba aliletwa kutoka Tabora kuwa mganga wa zahanati, na watu wa hapa humwita daktari, na tangu kijiji kipangwe, mzee huyo ndiye aliyetuonyesha maji, kuni, hata mahali pa kuchimba choo pasipojaa mvua ikinyesha. Maziwa tunayokunywa yanatoka kwake. Alipomtazama jogoo alisema ni wadudu, na dawa ya wadudu ipo. Kesho yake baada ya mimi kufika ilikuwa siku ya josho la ng'ombe, na msimamizi ni yeye. Jogoo atazamishwa kama ndama. Baba akakubali. Nilipomuuliza, alisema yeye amesomea watu, kuku hakuwasomea, na mzee hajawahi kukosea kwa mnyama.

Kwa huyu alikuwa anakosea. Dawa ya josho ni sumu. Ng'ombe anaogelea, anatoka, anajikung'uta, basi. Jogoo mwenye ngozi tupu, kwenye baridi ile ya Juni, angezama mpaka kichwa na kuimeza. Hilo sikuwa na shaka nalo hata kidogo. Shaka yangu ilikuwa mdomo wangu. Msichana wa kidato cha pili anamwambiaje balozi, mbele ya wafugaji wenzake, kwamba amekosea?

Nikaandika hotuba kwenye daftari hili ninaloandikia sasa. Ilianza na "Ndugu Mzee Balozi" na ilikuwa na mambo matano. Asubuhi nikamfunika jogoo kwa khanga ya mama, nikaenda nikiikariri njia nzima.

Ng'ombe walikuwa wameshapanga mstari, na harufu ya dawa ilikamata koo. Mfugaji mmoja aliona kichwa cha jogoo kikichungulia, akasema leo hata daktari ameleta ng'ombe wake. Mwingine akataka kujua kama huyo amekatwa alama ya sikio. Walicheka wote, na hotuba yangu ikapotea, nikabakiwa na "Ndugu" peke yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mlete."

Mzee alinyoosha mikono. Sikumpa. Nilisimama tu nimemkumbatia jogoo, mpaka mzee akaanza kunishangaa. Basi nikaushika mkono wake mmoja, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote, nikauingiza chini ya khanga, kwenye shingo.

"Gusa hapa, babu. Polepole."

Chini ya vidole vyake palikuwa na vishina vigumu vyenye ncha, vimejaa kama ndevu za mtu aliyenyoa juzi. Akagusa na mgongoni, kote vipo.

"Manyoya yake hayakutoka kwa ugonjwa," nikasema. "Anaota mapya. Ya miguuni umesema kweli, ni wadudu, wamejificha chini ya magamba. Lakini josho litamuua, babu. Wale wanataka kupakwa mafuta, wakose hewa."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu. Kwenye daftari ni kurasa mbili.

Mzee aliipapasa shingo tena, mkono wake bado umo ndani ya khanga. Kisha akawageukia wenzake.

"Huyu anabadili shuka. Nyie mlitaka nimwogeshe mtu akiwa uchi?"

Kana kwamba wao ndio waliotaka. Walicheka tena, ila safari hii hawakunicheka mimi. Akaniuliza mafuta gani. Nikasema yoyote, hata samli iliyoharibika. Akanijibu kwamba kwake samli haiharibiki.

Jioni alikuja na kibuyu cha samli. Niliiloweka miguu ya jogoo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikaisugua kwa mswaki wa zamani bila kubandua magamba, maana ukibandua anatoka damu, kisha nikapaka samli mpaka katikati ya vidole. Mguu wa pili aliupaka mzee mwenyewe, ameushika kama kwato ya ndama, huku akilalamika kwamba hata kitindamimba wake hajawahi kula samli nyingi kiasi hicho. Tukarudia kila baada ya siku tatu. Wiki ya tatu magamba mabovu yakaanza kudondoka yenyewe, chini yake mguu wa njano, laini. Shingoni manyoya yalishafunguka, meusi yenye kung'aa kijani. Siku nne kabla ya kurudi shule akawika, sauti imekwaruza, lakini akawika.

Asubuhi hiyo hiyo tulibishiwa hodi. Alikuwa yule mzee, na ndani ya shuka yake amebeba tetea anayetupa mguu mmoja pembeni. Aliuliza kama daktari yupo. Baba akaweka kikombe chini, akainuka.

"Siyo wewe," mzee akasema. "Yule mwingine."

Nikatoka. Nikamwamkia, nikampokea tetea, nikamuuliza ameanza lini kuchechemea.