Nilikata Simu ya Kocha Kabla Hajamaliza

Kosa ni langu mwenyewe. Si la kocha, si la kanisa, wala si la shetani. Nimechoka kulibeba huku nikiitwa mzee wa kanisa, na kwa kuwa hamnijui, wacha niwaambie ninyi.

Ninaishi upande wa Marani, nina chai kidogo na migomba. Shule niliiacha mapema, lakini jambo likinishika hulisoma mpaka nilielewe. Binti yangu, nimwite Moraa, alipopenda mpira wa kikapu, nilijifunza mchezo huo kwa vitabu vya mitumba na video za simu. Nilichomelea duara la chuma, nikalifunga kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba, juu kama la uwanjani. Kiwiko chini ya mpira, magoti yalegee, mkono ubaki juu mpaka mpira utue. Nilimrudia hayo hadi akawa anayasema yeye kabla yangu.

Chuoni, huko Nyamira, hakuwahi kuanza mechi hata moja. Alikuwa mchezaji wa akiba. Lakini wapinzani walipojazana chini ya kikapu, kocha alimwinua Moraa, naye akasimama mbali, nje ya mstari, akatupa. Wenzake walikuwa wakigeuka kurudi kulinda kabla mpira haujaingia!

Kwenye kituo cha kuuzia chai walinitania. "Baba Moraa, umepeleka mtoto chuo akasomee kukaa kwa benchi?" Nilicheka nao. Moyoni nilijua kwamba timu moja ya Nairobi ikimwona tu, amepata kazi.

Sisi ni Waadventista. Ijumaa jua likikaribia kutua, simu zote za nyumba yangu huzimwa na kufungiwa kabatini hadi Sabato iishe. Kazi hiyo ni yangu. Ijumaa hiyo Moraa alikuwa amekuja nyumbani kama kawaida. Fainali ilikuwa Jumapili, mjini Kisii. Alikuwa jikoni na mama yake. Simu yake ikalia mkononi mwangu, nikapokea. Kocha!

"Mzee, fainali imesogezwa kesho. Uwanja una mkutano Jumapili. Na kuna kocha wa Nairobi amekuja kutafuta watupaji wa mbali. Sasa, kuhusu Moraa..."

"Moraa ni mgonjwa," nikasema. "Ana homa, hata kusimama hawezi."

"Pole sana. Lakini ngoja nimalizie, mzee..."

Nikakata. Nikafuta alama ya ile simu, nikazima.

Kwa nini? Kanisa lilikuwa karibu kuchagua mzee mkuu, na jina langu lilikuwa limetajwa. Nilijiona nimesimama mimbarini huku watu wakinong'ona kwamba binti yangu yuko uwanjani na kaptura siku ya Sabato. Niliogopa kwamba akiitwa ataenda. Sikumwamini mtoto niliyemlea mwenyewe!

Siku ya Sabato tuliimba pamoja. Jua lilipotua tukafunga kwa sala, nikafungua kabati. Simu yake ikaanza kupokea ujumbe mfululizo. Akasoma, akainua macho.

"Tata, mbona wananipa pole? Homa gani?"

Tata ni baba kwetu. Akampigia kocha mbele yangu, sauti ya simu ikiwa juu, nikasikia kila neno.

"Moraa! Umepata nafuu? Sisi tumepigwa. Nilijua Jumamosi huchezi, sikutaka hata kukuomba. Nilikuwa nimemsihi yule kocha wa Nairobi alale Kisii, akuone kesho asubuhi, kabla ya mkutano, ukitupa peke yako. Akakubali! Baba aliposema huwezi kusimama, nikamwambia asisubiri. Amechukua msichana wa timu ile nyingine, ameshaondoka."

Hayo ndiyo maneno niliyoyakatia simu!

Moraa hakupiga kelele. Alisema tu, "Tata, mimi ningekataa kucheza. Ungenipa simu nikatae mwenyewe."

Ulikuwa muhula wake wa mwisho. Nilimpigia kocha, nikakiri, nikamwomba asaidie. Alijaribu. Nairobi walisema nafasi imejaa. Moraa hakugusa mpira tena. Siku hizi yuko Mosocho, anauza dukani kwa watu, na Ijumaa haji nyumbani.

Na mimi? Nilichaguliwa mzee mkuu! Kila Sabato ninasimama mbele ya waumini kuwahimiza waseme kweli, na la kwangu halijawahi kunitoka mdomoni hapo. Duara lile limeota kutu. Mama yake amenitaka nilishushe. Nimepanda ngazi, nikashuka mikono mitupu.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Kama umemfundisha mtoto njia, mwache aitembee mwenyewe. Usimjibie. Usijifiche nyuma ya dini ukilinda jina lako. Simu yake ikilia, mpe!

Mimi humpigia Moraa kila Jumapili. Hushika. Hunisalimu kwa heshima, huuliza hali ya mama yake. Kisha ninaanza, "Moraa, mwanangu, ile Ijumaa..."

Hukata kabla sijamaliza.